Fungu la Asiyekwenda Baharini

Chombo kinaporudi Mbwajumali jioni, wa kwanza kukiona ni watoto. Tanga likitokeza tu nje ya mwamba wameshalijua kwa viraka vyake, na jina la nahodha limeshatajwa kabla mtu mzima hajainua uso. Kidau kikifika penye maji ya magoti, pwani imeshajaa watu. Wapo wanaoingia majini kushika ubavu wakisukume, wapo wenye ndoo, na wapo waliokuja na vikapu vitupu. Hao wa vikapu hawakuagiza kitu wala hawakuitwa na mtu. Wanasimama tu, na aliyezaliwa pwani hii anajua wamesimamia nini.

Samaki wanamwagwa juu ya jamvi na mafungu yanapangwa. Kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, la nahodha, kisha moja moja kwa kila baharia. Mafungu yakishalingana kwa macho ya wote, kila mtu anatoa kitu chake kidogo: kijiti, kifuniko cha chupa, kipande cha kamba, kombe la chaza. Mmoja ambaye hakuona nani katoa kipi anaviokota na kuviweka kimoja kimoja juu ya mafungu. Kura imepigwa. Hakuna wa kunung'unika kwamba lake lina tasi na la mwenziwe lina changu.

Lakini kabla ya kura, mkono wa nahodha umeshapita kwenye vikapu vya wale waliosimama. Pono mmoja kwa mjane. Tasi wawili kwa mzee aliyepungukiwa na macho, ambaye zamani alikuwa nahodha wa huyu nahodha. Kiasi kwa kijana aliyesaidia kukokota. Hicho ndicho kitoweo. Hakipimwi kwenye mizani, hakiandikwi daftarini, na anayekipokea hainamishi kichwa, kwa sababu hakuomba. Nimelitazama jambo hili katika fuo nyingi za Waswahili, na kila mara nahisi hapo ndipo panapokaa kila kitu tunachokiita mila: katika samaki anayetolewa kabla ya hesabu kuanza.

Mbwajumali, ambayo wengine huiandika Mbwajumwali, iko kaskazini-mashariki mwa Kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu nchini Kenya, jirani na Faza, Chundwa na Kizingitini. Ni mji wa Wabajuni. Kisiwa hiki kina sehemu zinazojulikana duniani. Pate ina habari za wafalme wake, Siyu ina ngome na sifa ya wanakili wa misahafu, Shanga ina tabaka za msikiti wa karne ya 8 uliofukuliwa na Mark Horton na wenzake katika miaka ya 1980. Mbwajumali hutajwa kwa nadra. Ndiyo maana nimeichagua, kwani mila haihitaji magofu. Inahitaji watu wanaorudi nyumbani jioni.

Sasa tuvuke bahari, yapata kilomita 9,000 kwenda mashariki, hadi Lamalera, kijiji kilicho pwani ya kusini ya kisiwa cha Lembata nchini Indonesia. Watu wake ni Wakatoliki, nao huwinda nyangumi kwa chusa, mwindaji akiruka kutoka omo na kumwangukia mnyama kwa uzito wa mwili wake wote. Mwanaanthropolojia R. H. Barnes alikaa nao na mwaka 1996 akatoa kitabu kikubwa juu ya maisha yao. Nyangumi akifikishwa pwani, kila sehemu ya mwili wake ina jina na mwenyewe. Mrushaji wa chusa ana sehemu yake, mabaharia wana zao, fundi wa chombo ana yake, mfua chuma aliyetengeneza chusa naye ana yake. Watu ambao siku hiyo hawakulowa hata unyayo wanapata nyama, na kutoka kwao, kwa njia ya udugu, nyama inafika kwa wajane na mayatima. Iliyobaki wanawake wanaikausha na kuipandisha milimani, wakabadilishana na wakulima kwa mahindi na ndizi.

Mtu wa Mbwajumali akisimuliwa habari hiyo angeshangaa ukubwa wa mnyama, si ugawaji wake.

Angeshangaa pia kuona chombo. Ngalawa za Lamalera hujulikana kwa jina la peledang. Mbao zake zimeunganishwa kwa vigingi vya mti na kamba bila msumari hata mmoja, tanga lake ni la mraba, limesukwa kwa majani ya mtende wa kwao, na omoni pamechorwa macho. Hapa kwetu nani hakumbuki mtepe? Mtepe ulishonwa kwa kamba za kumbi, tanga lake likiwa mkeka wa mraba, omo yake imechongoka kama shingo ya ngamia na macho yakiwa yamechorwa ubavuni. Wazee husema ile shingo ni ya ngamia wa Mtume. Wajenzi wake waliosifika ni Wabajuni wa kisiwa hiki hiki. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya 1, kiitwacho Periplus, kinakitaja kisiwa kimoja cha pwani yetu chenye vyombo vya kushonwa na watu wanaovua kwa mitego ya kusukwa. Mtu akilikuta dema linasukwa leo chini ya mkungu, na asome ukurasa ule, atajiona yuko nyumbani.

Sisemi kwamba mtepe uliletwa na watu wa Lembata. Mbao zishonwazo zilijulikana sehemu nyingi za bahari hii. Ninachosema ni kwamba tumekuwa tukioshwa na maji ya bahari moja kwa muda mrefu sana. Watu kutoka visiwa vya Indonesia walivuka hadi Madagaska zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na lugha ya Kimalagasi hadi leo ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan cha kusini mwa Borneo. Ngalawa yenye mirengu yake miwili, inayokata maji kutoka Msumbiji hadi Kenya, ni ukumbusho wa wageni hao. Hata ndizi tunazopika asili yake ni huko.

Wenzetu wa Indonesia wana neno moja wanalolitumia kwa mambo yote haya: adat. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa, ni ada yetu ile ile. Na si hilo peke yake. Wao husema musim, sisi msimu. Wao kabar, sisi habari. Rezeki ni riziki, waktu ni wakati, sedekah ni sadaka, na dunia ni dunia. Maneno yalitoka Uarabuni na kwenda huku na huku kwa pepo za kaskazi na kusi, yakaingia katika vinywa vya watu wasiojuana na kukaa humo kana kwamba yalizaliwa hapo.

Mahali ninapowaona Wajava wa Indonesia na Wabajuni wamekaribiana kuliko kwingine ni kwenye jamvi la chakula. Mjava akipata mtoto, akihama nyumba, akifiwa, hufanya slametan. Jirani wanaitwa, wanaketi chini, dua inasomwa, kisha wanakula kidogo na kufungasha kilichobaki kwenda nacho nyumbani. Kifurushi hicho wanakiita berkat. Ni baraka. Nenda Mbwajumali siku ya khitma. Wali umepakuliwa kwenye masinia, watu wanne au watano kwa sinia moja, kila mmoja akila upande wake bila kuvuka kwa mwenziwe, na mwenye umri mdogo akisubiri mkono wa mkubwa uingie kwanza. Ukiondoka na chakula cha nyumbani hakuna atakayekutazama vibaya, maana hukuchukua wali, umechukua baraka. Anayekula kwenye sinia moja na mtu aliyegombana naye wiki iliyopita ana kazi moja tu, kula. Maneno ya suluhu yatafuata, au hayatafuata, lakini mikono imeshakutana.

Hapa ndipo ninapoiona siri ya kisiwa. Bara, mtu akikosana na jirani anaweza kuhamia kitongoji kingine. Kisiwani hakuna pa kuhamia. Utamkuta kisimani, utamkuta msikitini, utamkuta kwenye mashua ya Lamu mkisubiri maji yajae ili mpite mlango wa Mkanda. Bahari ikichafuka, huyo huyo ndiye atakayekuokoa. Adabu za Wabajuni, kuanzia kumbusu mzee mkono hadi kuuliza hali ya nyumba nzima kabla ya kutaja shida iliyokuleta, zimetokana na haja hiyo ya watu kuishi pamoja bila mlango wa kutokea. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya kisiwa ni nyembamba.

Kuna kamba nyingine inayotufunga na Java, nayo inasikika kwa masikio. Lamu katika mwezi wa Mfungo Sita hujaa watu wa visiwa vyote, wa Pate wakiwemo, wanaokuja kwa mashua kuhudhuria Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh. Maulidi yanayosomwa pale kwa matari ni Simtu-d-Durar, ya Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut. Katika mji wa Solo, Java ya Kati, maulidi hayo hayo husomwa kwa matari katika msikiti unaoitwa pia Riyadh, na kila mwaka maelfu ya watu hukusanyika hapo kumkumbuka mtungaji. Mtoto wa Mbwajumali aliyeyahifadhi madrasani akipelekwa Solo usiku wa maulidi hatajua neno moja la watu wa soko, lakini msikitini ataitikia pamoja nao tangu mwanzo hadi mwisho.

Linalonigusa zaidi ya yote ni habari ya nyumba.

Katika ada za visiwa vya Lamu, binti akiolewa mume ndiye huja kwake. Wazazi wenye uwezo humjengea binti nyumba au kumtengea sehemu katika nyumba yao, na hapo ndipo ndoa inapokaa. Mume huingia na sanduku lake. Nyumba ni ya mwanamke, na ndoa ikivunjika anayetoka ni yule aliyeingia. Ngazidja, Komoro, wamelipa jambo hili jina na taratibu kamili: manyahuli, mali ya ukoo inayopita kwa mama kwenda kwa binti. Ukivuka tena hadi Sumatra Magharibi unawakuta Waminangkabau, Waislamu washika dini, ambao nyumba zao kubwa zenye mapaa kama pembe za nyati ni za wanawake, huku vijana wa kiume wakitumwa kwenda ugenini kutafuta maisha. Kwenda huko wanakuita merantau, na kijana asiyekwenda huonekana hajakomaa.

Sababu yake haihitaji mwanachuoni. Mwanamume wa bahari ni mtu wa kuondoka. Huenda kwa msimu, na kuna siku harudi. Watu wenye busara hawaweki paa la watoto wao juu ya mtu ambaye mawimbi yanaweza kumchukua. Wanaliweka juu ya aliyebaki.

Wapo watakaouliza sheria ya mirathi inasimama wapi, na swali hilo ni la haki. Waminangkabau walilijibu kwa kutenganisha mali mbili: ya ukoo, ambayo hufuata wanawake, na ya jasho la mtu mwenyewe, ambayo hugawanywa kwa Kurani. Kwetu, nyumba ya binti ni zawadi ya wazazi wangali hai, na zawadi si mirathi. Nadhani wazee wetu walikuwa wamefikiri zaidi ya tunavyowapa sifa.

Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani yetu kati ya 1250 na 1800, na Faza, jirani wa Mbwajumali, ilikuwa mmojawapo. Magazeti mengi yalishika habari ya Waajemi, kwamba upande wa kiumeni wa watu hao ulikuwa na asili ya Uajemi kwa wingi. Mimi nilishika nusu ya pili: upande wa kikeni karibu wote ulikuwa wa Kiafrika. Aliyekuja kwa chombo alimkuta mwenyeji. Mwenyeji huyo alikuwa mwanamke, na lugha iliyokua ndani ya nyumba ikawa yake.

Mbajuni si mtu wa bahari tu, ni mtu wa konde pia. Zamani familia za Pate zilivuka kwenda bara kulima, zikafyeka msitu na kusubiri jua likaushe. Usiku wa kuamkia siku ya kuchoma, wanaume walikesha wakiimba vave, mmoja akitoa na wengine wakiitikia hadi alfajiri. Vave ni mkesha wa kuomba ruhusa. Msitu una wanyama wake na miti yake, na mtu haingii na moto bila kuwataja waliomo. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwang'oa Wabajuni wengi katika vijiji vyao vya bara. Waliorudi visiwani walirudi bila konde, na wimbo uliotungiwa konde ukabaki kwa wazee wachache. Hili ni pengo ambalo nalihuzunikia. Ada inaweza kufa bila mtu yeyote kuikataa, ikipoteza tu ardhi iliyokuwa ikisimama juu yake.

Baharini nako pameingia mambo. Tajiri wa samaki hukopesha mashine na nyavu, na anayekopeshwa huvua kwa deni. Samaki wakishaingia kwenye barafu la tajiri kabla ya kufika pwani, nahodha hana cha kutia kikapuni mwa mjane. Bandari mpya ya Lamu imechimbua mikondo ambayo wavuvi waliijua kwa vizazi. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, na ikakubali kwamba uvuvi wa jadi na utamaduni wa Lamu ni haki za kulindwa. Kwangu lililo kubwa katika hukumu ile ni neno utamaduni. Kilichoonekana kama maisha ya kimaskini ya watu wa madau kilisimama mbele ya jaji kikapata jina.

Na ipo habari ya pweza. Maji yakitoka wakati wa bamvua, wanawake wa Pate hushuka mwambani na fimbo za chuma, wamejifunga leso viunoni, wakitazama mashimo. Mwenye jicho zuri humjua pweza kwa vigamba alivyovitupa mlangoni pake. Miaka ya karibuni, wanawake hao kupitia hifadhi ya jamii ya bahari ya Pate wamekubaliana kufunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa, wasiguse kitu, kisha kuzifungua siku moja kwa wote. Pweza haishi sana, yapata mwaka mmoja na kitu, lakini hukua kwa kasi ya ajabu. Ukimwacha miezi michache, aliyekuwa wa mkono anakuwa wa kapu.

Njia hii ya kumfungia pweza ilianza kupata sifa mwaka 2004 huko Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, kwa Wavezo, watu wa ngalawa wanaosema Kimalagasi, lugha ile iliyovuka kutoka Borneo. Kutoka kwao ikasambaa hadi pwani ya Afrika Mashariki. Na huko Maluku, mashariki ya Indonesia, ada ya kufunga ipo tangu kale, wanaiita sasi. Katika kisiwa cha Haruku tawi la kuti hutundikwa kuonyesha kwamba samaki wadogo waitwao lompa wamefungiwa, na walinzi wa kijiji waitwao kewang huhakikisha hakuna anayevunja agizo. Siku ya kufungua, kijiji kizima huteremka mtoni pamoja.

Nawaza jinsi bibi mmoja wa Mbwajumali angesimama mbele ya lile kuti. Asingeuliza maana yake. Angegeuka na kuuliza kufuli itatolewa bamvua la lini.

Jua likizama, mafungu yameshabebwa na jamvi limesuuzwa kwa maji ya chumvi. Nahodha anapanda kwake, yaani kwa mkewe, na fungu lake ni dogo kuliko unavyotarajia kwa mkuu wa chombo. Muda si mrefu mtoto wao wa kike anatoka mlangoni ameshika sahani kwa mikono miwili, imefunikwa kawa, anakwenda nyumba ya tatu. Anapiga hodi, anaingia. Anapotoka sahani ni ile ile, na chini ya kawa mna maembe mawili.